Bibi Ndani ya Diski

Watu husema harufu za utotoni humtuliza mtu. Ya kwangu hunipandisha hasira. Nikipita mahali mtu anachemsha tui mpaka litoe mafuta, ile harufu tamu inayokaribia kuungua, wenzangu hushusha pumzi na kuanza kuwakumbuka bibi zao. Mimi hukunja uso. Namkumbuka bibi pia, sikatai, lakini namkumbuka akiwa amefungiwa ndani ya kidude cha chuma kisichozidi kipande cha sabuni ya mche, na baba yangu amekiinamia Jumamosi baada ya Jumamosi, jasho linamtiririka kwenye kipara, akisema, "Haionekani. Bado haionekani."

Nilipelekwa Salale kwa bibi mzaa mama kabla sijaanza shule, kama wanavyopelekwa watoto wengi wa kwetu, nimchotee maji na kumkanda miguu. Kule ni mikoko na maji ya chumvi pande zote, na chumvi yenyewe haiishii kwenye maji. Inapanda hewani, inaingia ndani, inakaa juu ya kila kitu cha chuma. Kufuli jipya likiachwa mwezi mmoja, ufunguo hauingii tena. Kwa hiyo nyumbani kwa bibi, kila Ijumaa asubuhi, kabla wanaume hawajaanza kugombania maji ya kuoga waende msikitini, mtoto alipewa kitambaa na kikombe cha mafuta ya nazi. Mtoto ndiye mimi. Nilipaka panga, mundu wa kuvunia, visu, bawaba za mlango, kufuli, cherehani. Bibi alinifuata nyuma akikagua kwa kidole. "Umepaka na meno?" aliniuliza kila nilipodai nimemaliza, kwa sababu kutu huanzia kwenye meno ya kitu, mahali ambapo mtoto mvivu hapafikii. Vyuma vikiisha, mafuta yaliyobaki nilimpaka yeye magotini. Kwa akili yangu kazi hizo mbili zilikuwa moja: unachokipenda unakipaka ili kisiharibike. Yeye alisinzia nikiwa bado nakanda.

Bibi alifariki kwa homa, na wakati huo yeye na mama yangu walikuwa hawasemezani. Mama alitaka bibi ahamie kwetu Kibiti, kwenye hospitali na barabara ya lami. Bibi alisema hawezi kulala mahali asikosikia maji. Walibishana kwenye simu mpaka mama akatamka, "Basi kaa na viboko wako!" na bibi akakata simu. Mama akasusa. Hata binamu yangu alipoolewa pale Salale, mama hakuja. Wiki chache baada ya harusi bibi akaugua, na habari ilipofika Kibiti mama aliondoka na nguo alizovaa. Alifika bandari ya Nyamisati maji yamekupwa, boti imekaa juu ya tope, nahodha amejilalia zake. Alipofika Salale wanaume walikuwa wanarudi makaburini wakikung'uta udongo miguuni. Hakulia mbele za watu. Alimuuliza mdogo wake, Mjomba Hamisi, swali moja tu.

"Radhi kaniachia?"

Mjomba Hamisi alikuwa na kamera, na ndiye aliyepiga picha za video za harusi ile na kuzihifadhi kwenye diski ya kompyuta yake. Akasema siku ya harusi bibi alimtaja mama mbele ya kamera, kwa jina kabisa. Alisemaje?

"Maneno ya marehemu mie siyasimulii, dada. N'sije nikapunguza, n'sije nikaongeza. Utayasikia kwa masikio yako."

Mpaka leo, pamoja na heshima zote za mjomba, jibu lile linanikera. Mama alilielewa kama ambavyo angelielewa mtu yeyote mwenye hatia moyoni: yangekuwa maneno mazuri, si angeyasema? Alirudi Kibiti nalo. Alikuwa binti mkubwa, mama yake amekufa wakiwa wamenuniana, na kama kuna neno la radhi lililosemwa au lililonyimwa, lilikuwa ndani ya diski ile na si mahali pengine popote duniani.

Kompyuta ya mjomba yenyewe ilishakufa kwa chumvi hiyohiyo ya Salale. Akaifungua, akachomoa diski, akaifunga kwenye kanga moja ya bibi, akanikabidhi mimi niliyekuwa narudishwa kwa wazazi wangu. "Itunze sana hii, Salma," akaniambia. "Bibi yako yumo humu."

Mtoto wa miaka minane akiambiwa hivyo na mtu mzima asiye na mazoea ya mzaha, afanyeje? Niliamini. Kwenye boti niliipakata kama mtoto mchanga. Niliiwekea sikio nikasikia kimya, nikasema moyoni kalala. Tulipofika nyumbani mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kabatini juu ya Msahafu kwanza, kisha akaona si adabu, akaishusha rafu ya chini.

Sasa baba. Baba alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja huko Mtawanya, Mmatumbi wa milimani, mtu ambaye chumvi aliijua kwenye mboga tu. Miaka ile alikuwa anaunda kompyuta. Hakununua, aliunda, na alitaka kila mtu auelewe huo utofauti. Kila alipokwenda Dar alirudi na kipande: safari hii kasha, safari nyingine bodi, nyingine feni iliyofungwa kwenye gazeti. Ilikaa sebuleni juu ya meza ya chakula, ubavu mmoja wazi matumbo nje, na sisi tukala chini mkekani. Wiki ileile niliyofika kutoka Salale, iliwaka. Ilikuwa na diski yake ndogo mpya, ikafanya kazi, ikaimba ule wimbo wake wa kuamkia, na baba akatoka nje kupokea mikono ya majirani kama aliyejaaliwa mapacha.

"Kazi ndogo hiyo," akamwambia mama kuhusu diski ya bibi. "Tunaichomeka pembeni ya hii yangu. Dakika mbili tu, unamsikiliza mama yako."

Dakika mbili! Mama akaoga, akavaa gauni la Idi, akajitanda mtandio, akakaa mbele ya skrini magoti yamebana. Mimi nikakaa karibu na kasha, upande ule uliokuwa wazi, maana nilitaka kumwona bibi akitoka. Baba akachomeka, akawasha. Wimbo ukaimba. Diski yake ikaonekana. Ya bibi haikuonekana.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jana yake ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa mtoto niliyelelewa vizuri. Baba aliposhaondoka na baiskeli na mama alipokuwa anafagia uani, nilifungua kabati, nikachukua chupa ya mama ya mafuta ya nazi, nikampaka bibi. Nilipaka bati lote, juu na chini. Kule nyuma diski ilikuwa na meno membamba ya rangi ya dhahabu, mazuri, yaliyopangana, na nilijua angeniuliza. Nikazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti nikapaka na meno, mpaka ndani, moja moja.

Baba alikuwa na ubao mdogo ukutani wa kunifundishia hesabu. Akafuta hesabu zangu, akaandika washukiwa: waya, bodi, pawa saplai, umeme, diski. Alisema mtu mwenye akili hababaiki, anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia matokeo. Ni ushauri mzuri sana. Tatizo ni kwamba mimi nami nilikuwa nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila Ijumaa, na sikuwa kwenye orodha.

Jumamosi ya pili akabadilisha waya. Haionekani. Akaupiga mstari waya ubaoni. Jumamosi iliyofuata akahamishia diski kwenye tundu jingine la bodi. Haionekani. Kila mara mama alioga, akavaa lile gauni, akakaa. Kila mara baba alijifuta jasho akasema wiki ijayo. Ikifika jioni alichomoa diski, akaifunga kwenye kanga na kuirudisha kabatini, nami nikihesabu siku za kufikia Ijumaa, nikiwa na uhakika kwamba bibi hatoki kwa sababu sijampaka vya kutosha. Nikaongeza mafuta. Mama alianza kulalamika chupa inaisha haraka.

"Baba Salma, kama unapaka hicho kipara chako, sema. Ntanunua chupa mbili."

"Kipara changu kinang'aa chenyewe," baba akajibu, macho yake kwenye bodi.

Mama hakuruhusiwa kugusa chochote. Mimi ndiyo kabisa. Baba alisema mwili wa binadamu una umeme wake, na mtu asiye na utaalamu akishika meno ya diski anaweza kuiunguza. Yeye mwenyewe aliishika kwa ncha za vidole, kwa kingo zake, kama anayeshika picha iliyokuwa bado haijakauka. Hakuweka kidole kwenye yale meno hata siku moja. Na harufu? Nyumba yetu yote ilinukia nazi, wali nazi, maharage ya nazi, nywele zetu. Angeisikiaje?

Mama alikuwa na wazo la mtu mwenye akili timamu. Pale barabarani palikuwa na duka la steshenari, kijana wa pale alikuwa na kompyuta mbili na alichapia watu barua na kadi za harusi. "Tumpelekee ajaribu kwake," mama akasema. "Ikionekana, tunajua ugonjwa uko kwetu."

Baba aliweka bisibisi chini taratibu. "Mimi nimeunda kompyuta kwa mikono yangu miwili. Nimpelekee kijana wa kuchapa kadi anisaidie kuchomeka waya?"

"Mie sitafuti nani kaunda nini. Mie namtafuta mama yangu."

"Na mimi ndiye nitakayekupa."

Nimezeeka sasa kiasi cha kuelewa kwamba alimaanisha. Alimpenda mama na alitaka zawadi ile itoke mikononi mwake. Lakini nikiikumbuka sauti yake namna alivyoitamka ile "mimi", hasira zinanirudia zilezile. Kwa ajili ya neno hilo moja mama yangu aliendelea kulala bila kujua kama alikufiwa na mzazi aliye radhi naye.

Baba akaazima diski nyingine shuleni ili alinganishe. Akaichomeka kwa waya uleule. Ikaonekana! Akapiga makofi, akaupiga mstari umeme, akaipiga mstari bodi, akazungushia neno diski duara nene. Siku ya pili akaijaribu tena ile ya shule, kujiridhisha tu. Haikuonekana. Akabaki ameshika chaki. Sasa naelewa: waya wake ulikuwa umeshalowa mafuta kutoka kwenye meno ya bibi, umeyachanganya na vumbi la Kibiti ukapata ugali mwembamba, na sasa ulikuwa unaigawia diski ya shule. Lakini baba aliona kitu kimoja tu, kwamba ugonjwa umehama kutoka diski moja kwenda nyingine.

"Kirusi," akatangaza. "Hii ya mama yako ina kirusi na inaambukiza."

Nilishtuka sana. Nilidhani homa imekwisha. Nilidhani mtu akifa homa inamwacha, na sasa baba, mwalimu, anasema bibi bado mgonjwa humo ndani na anawaambukiza wengine. Siku hiyo sikungoja Ijumaa. Nilikwenda kabatini nikamkanda kwa mafuta ya moto, yaliyowekwa kidogo juani, kama nilivyomkanda siku zake za mwisho, nikamsomea na sura fupi nilizozijua.

Halafu, Jumatano moja, ikaonekana. Baba alikuwa amerudi shule mapema, akaichomeka bila matumaini, na jina la diski likatokea pale kwenye skrini. Akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Mama akaja mbio kutoka jikoni mikono imejaa unga. Baba akabonyeza, ikatokea orodha ya majalada, moja limeandikwa Harusi. Akabonyeza hilo. Skrini ikaganda. Orodha ikapotea, jina likapotea. Mama alisimama mikono yake ya unga ikiwa juu, haigusi kitu, kama tulivyofundishwa.

Watu wa hesabu hupenda mpangilio, na baba akauona. Jumatano inaonekana, Jumamosi haionekani. Jumamosi kuna nini? Akafikiri, akatembea, kisha akanyoosha kidole dirishani. Jumamosi kuna mashine ya Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alikuwa jirani yetu, mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Baba alishawishika kabisa kwamba mashine ile ikiwaka inanyonya umeme wa mtaa mzima na kuiacha diski ya bibi bila nguvu. Akafuta ule mstari aliokuwa ameupiga juu ya umeme. Jumamosi iliyofuata akaenda kwake asubuhi, nami nyuma yake, msimu wa mavuno, magunia yamepangwa mpaka barabarani.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta mpunga?"

"Hapana. Nimekuja kuomba uzime mashine."

Bi Mwajuma alijipangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa mweupe kwa pumba kuanzia kwenye kope hadi miguuni. "Mwalimu, watu hawa wametoka mashambani tangu alfajiri. N'zime kwa sababu ya nini?"

"Kuna diski. Ina sauti ya marehemu mama mkwe wangu."

Nadhani neno marehemu ndilo lililomlainisha. Alizima. Nusu saa nzima mashine ilikaa kimya na watu wenye magunia wakaja mpaka dirishani petu kuona kilichosababisha. Mama alikaa na gauni lake la Idi mbele ya macho yote yale. Baba akachomeka. Haikuonekana. Mwanamume mmoja pale dirishani akauliza kama kuna maiti ndani, mwenzake akamjibu hapana, ni mwalimu anatengeneza redio. Baba akafunga dirisha. Bi Mwajuma akawasha mashine yake, na wiki nzima iliyofuata mama alikuwa anajifunika uso akipita pale.

Baba, ambaye sasa amestaafu, bado anawasimulia wajukuu kwamba tatizo lilikuwa umeme. Sijui kama anajua anadanganya.

Baada ya hapo aliishiwa. Ubao ulikuwa umejaa mistari, na mistari juu ya mistari. Alipunguza maneno hata darasani, walisema wanafunzi wake. Akampigia rafiki yake wa Dar, aliyekuwa anauza vipuri, akazungumza naye muda mrefu akiitikia ee, ee. Jumamosi ile mama alivaa gauni bila kuoga. Baba akachomeka, na cha ajabu ikatokea, lakini haikutokea vizuri. Hapakuwa na jina wala orodha. Kulikuwa na kisanduku kimoja tu chenye maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inaomba ifomatiwe. Rafiki yangu kasema ikifika hapa ndiyo njia iliyobaki. Inasafishwa, inaanza upya, inakuwa nzima."

"Na vilivyomo?"

Nilimwona baba akiitazama skrini badala ya kumtazama mama, na hata mimi niliyekuwa mtoto nikajua.

"Vinafutika," akasema. "Lakini diski inapona, Zuhura."

"Diski inapona." Mama alirudia kama aliyeonjeshwa kitu kichungu. "Hapo kwenye hicho kisanduku, neno hapana limo?"

"Limo."

"Bonyeza hilo."

"Zuhura, nimejaribu kila—"

"Bonyeza hapana, uzime, unipe mama yangu."

Sikuwahi kumsikia akimwamuru baba bila kumwita Baba Salma au mwalimu, na siku ile hakumwita chochote. Baba akabonyeza, akazima, akachomoa. Aliponyoosha mkono kumpa bado aliishika kwa kingo. Mama hakushika kingo. Aliipokea kwa viganja vyote viwili, akaipakata, akainama juu yake akiwa amekata tamaa, na hapo ndipo alipotulia ghafla. Akainusa. Akapitisha kidole kwenye meno yale, akasugua kidole na dole gumba, akaangalia. Kisha akaniangalia mimi.

"Salma."

"Abee, mama."

"Jana ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa."

Mama yangu alizaliwa katika nyumba ileile ya Salale. Alikuwa ameshika kikombe na kitambaa kilekile miaka mingi kabla yangu.

"Umepaka na meno?"

"Nimepaka, mama," nikasema, kwa fahari, maana hatimaye mtu aliuliza. "Yote. Na kila Ijumaa."

Alicheka. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka, akajipiga paja, akalia humohumo ndani ya kicheko bila kuviachanisha. Baba alikuwa anatutazama kwa zamu. Ilibidi aelezwe mara mbili, chumvi, kutu, Ijumaa, meno, na alipoelewa uso wake ukabadilika rangi, akasimama.

"Miezi yote hii! Nimemzimia mtu mashine! Huyu mtoto—"

"Huyu mtoto kafanya alichofundishwa na mama yangu," mama akasema. "Ukimgusa utanijua. Wee hukuyaona mafuta? Miezi miwili unaitazama!"

"Niliyaona meno yanang'aa," baba akasema kwa sauti ndogo. "Nikasema ni dhahabu."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Ndiyo kwanza niligundua kwamba aliyemzuia bibi kutoka alikuwa ni mimi. Hakuna aliyeniambia wakati ule kwamba si kosa langu, wote walikuwa na shughuli, na labda ndiyo maana ile hasira haijaisha mpaka leo. Mama alimtuma baba duka la dawa akanunue spiriti na pamba, na baba akaenda bila kubisha, akiwa na kandambili za mama miguuni. Aliporudi, mama akakaa mlangoni kwenye mwanga, akasafisha jino moja baada ya jingine, diski zote mbili, ya bibi na ile ya shule, pamoja na waya. Baba alimshikia chupa. Kila akitaka kusema jambo la kitaalamu mama alinyoosha mkono apewe pamba nyingine. Tuliianika ile ya bibi kwenye ungo kidogo, kivulini, na baba akakaa pembeni akifukuza kuku.

Alasiri ikaonekana. Mara ya kwanza tu, bila kelele, jina, orodha, Harusi. Mashine ya Bi Mwajuma ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote.

Nilimngoja bibi nikiwa upande wa kasha, mama akanivuta mbele ya skrini. Kulikuwa na miguu ya watu wanaocheza, sahani, kidole cha Mjomba Hamisi kimeziba kamera, mimi mwenyewe mdomo umejaa. Kisha uani, moshi, sufuria kubwa, na bibi na mwiko wake. Alikuwa mdogo kuliko kiganja changu. Nilikasirika kweli, nakumbuka, kwamba ndivyo tu, kwamba hatoki. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mama," sauti ya mjomba ikasema nyuma ya kamera, "Zuhura hakuja. Mtumie neno."

"Hakuja kwa kiburi chake. N'shamzoea." Bibi hakuinua macho kwenye sufuria.

"Basi mpe radhi, yaishe."

Hapo bibi akageuka. Alikuwa na ule uso wake wa kukagua kufuli. "Radhi gani? Mtu anapewa radhi mara ngapi? Mie n'likwishampa siku n'liyomzaa, sijaenda kumnyang'anya. Mwambie akija aje na viatu vya kufunga, huku tope. Haya, niondolee kidude chako, wali unaungua."

Akatugeuzia mgongo. Mjomba lazima alisahau kuzima, kwa sababu picha iliendelea, mgongo wa bibi, kiwiko kinachozungusha mwiko, moshi, hakuna neno tena. Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Baba alingoja, akajifuta kipara, kisha akapeleka mkono kwenye kibodi.

"Imekwisha," akasema kwa upole.

Mama akaushika ule mkono kabla haujafika.

"Haijesha," akasema. "Mwache apike."